Jarife Lililorudi Lodwar

Mzigo wa kwanza wa nyavu uliposhushwa Lodwar, Akiru hakuutazama, aliunusa. Alifungua mdomo wa gunia moja kidogo tu, kama mtu anayechungulia chungu cha jirani, akavuta pumzi, kisha akanyooka na kupangusa pua.

"Hizi si za ziwa," akasema. "Nyavu za Longech zinanuka samaki mbuta na matope. Hizi zinanuka chumvi. Zimetoka wapi, na zimefuata nini huku?"

Wanawake wa kikundi cha mtaa wa Napetet wakacheka, maana walimjua mwenyekiti wao. Ukimpa Akiru maji ya kunywa, atauliza kwanza yamechotwa kisima gani, hata kama ulimi umekauka.

Hakuzaliwa hivyo. Baba yake aliishiwa na ng'ombe katika njaa ya mwaka wa sitini na moja, akateremka ziwani na watoto wake kujifunza uvuvi, kazi ambayo wenye mifugo waliiona ya watu waliokwisha. Akiru alikuwa na miaka sita hivi. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, akajua kuandika jina lake kwa mwandiko wa kuunganisha, na akitoka darasani alikaa na baba yake mchangani Longech wakiziba nyavu. Vidole vyake vilikuwa vidogo, vilipita penye jicho la wavu bila kukwama. Alipofika miaka kumi na mbili, wanaume wazima walikuwa wanamletea kazi na kujifanya wanamsaidia tu mtoto ajifunze.

Mwaka mmoja wakaja watu wa serikali. Wakasema macho ya nyavu ni madogo mno, wakazibeba zote ili wakazichome. Moshi ulionekana kweli nyuma ya kichuguu. Lakini nailoni ikiungua inakaba koo, na moshi ule ulinuka nyasi. Miezi michache baadaye Akiru alikwenda Kerio kumwona dada yake aliyeolewa huko, na huko akaukuta wavu wa baba yake umeanikwa kwa mtu mwingine. Aliujua kama anavyojua kiganja chake. Alipomweleza baba yake, mzee alisema tu, "Utawaonyesha nini?" Kwa maana mbuzi ana sikio lililochanjwa alama ya mwenyewe, ng'ombe ana chapa ya ukoo ubavuni. Wavu una nini?

Tangu hapo Akiru akajitengenezea fundo. Kila alipoziba tundu alizungusha uzi mara tatu badala ya moja, akaacha mkia mfupi umelalia kushoto. Hakumwambia mtu. Mume wake aliishi naye miaka thelathini na akazikwa bila kujua.

Basi, aliyeleta hizi nyavu zenye chumvi alikuwa Nelly, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Lodwar aliyelelewa Kitale, mfanyakazi wa shirika moja la pwani linalolinda nyangumi na pomboo. Kiturkana chake kilichechemea, kwa hiyo alitumia Kiswahili.

"Mama zangu, haya ni majarife," akaeleza. "Wavuvi haramu wanayaacha yanaelea baharini, marefu kama kutoka hapa mpaka uwanja wa ndege. Yanashika kila kitu. Nyangumi mkubwa kuliko lori hili anapita pwani yetu na mtoto wake ubavuni, akiingia humo ameisha. Pomboo ndio kabisa. Zamani tukiyakamata tulikuwa tunayachoma, lakini moshi wake ni sumu. Sasa tumeonelea tuyapeleke mahali ambapo hayataona bahari tena."

"Mkaona ni hapa," akasema Akiru.

"Ndiyo, mama. Mkate vipande, mzungushie mazizi ya vitoto vya mbuzi, mbweha asiingie. Muache kuchomwa na miiba ya mti wa mathenge mnaojengea nyua. Shirika litawalipa hiyo kazi."

"Huyo pomboo ni samaki wa aina gani?"

"Si samaki. Ni mnyama. Anazaa, ananyonyesha. Anapumua hewa kama wewe. Akinaswa chini anashindwa kupanda juu, anazama."

Akidor, ambaye alikuwa rafiki wa Akiru na mdomo wa kikundi, akapiga makofi. "Mnyama wa majini anazama! Basi mwambieni ahamie Lodwar, huku hakuna maji ya kumzamisha."

Wote wakaangua kicheko isipokuwa Akiru. "Ananyonyesha kwa wapi?" akauliza. "Chuchu iko wapi?"

"Imefichwa, mama. Iko ndani ya mkunjo wa tumbo."

"Kumbe imefichwa," Akiru akasema, akimtazama Nelly kama unavyomtazama mtu anayeuza mbuzi aliyelala na hataki asimame.

Njiani kurudi nyumbani alimweleza Akidor mawazo yake. Hao watu wanataka ziwa. Watamleta huyo mnyama wao wamtie majini, halafu watasema analindwa. Na mnyama akishalindwa, anayefukuzwa ni binadamu.

"Nyangumi atafikaje ziwani Kalokol?" Akidor akauliza.

"Nyavu zimefikaje?"

Mtu aliyemtuliza ni Ekeno, dereva wa lori na mwenye ufunguo wa stoo. Huyo siku ya kwanza alichuchumaa mbele yake, akachora mchangani kwa kidole chapa ya ng'ombe wa ukoo wake, na chapa hiyo ilikuwa ile ile ya baba yake Akiru. "Ejok, ata," akamsalimia, akimwita nyanya. Ikatosha. Watu wa chapa moja hawaibiani, ndivyo alivyolelewa, na katika hilo peke yake Akiru hakuwahi kunusa kwanza.

"Ata, huyu dada wa Kitale hajui kazi," Ekeno alimwambia. "Ukizungushia zizi wavu wenye matundu, mbweha anapita. Mzibe kwanza. Yale yatakayokuwa mazima msiyakate. Nitayapeleka Kakuma, kwa kikundi cha wakimbizi cha Achan, wanataka kuzungushia bustani zao za sukuma. Wao watakata wenyewe. Na haya maboya na hizi risasi za kuzamishia, msiondoe."

"Zizi linaelea?"

Ekeno akacheka vizuri, kicheko cha mjukuu. "Watoto wa Kakuma watachezea, ata."

Akaridhika. Nyavu zilizochakaa wakazikata, zenye matundu machache wakaziziba bila kuzikata, na Akiru ndiye aliyeziba nyingi kwa sababu hakuona mwingine anayejua. Nelly alipokuja na fomu inayosema nyavu zote zimekatwa na hazitarudi majini, Akiru, akiamini zilizobaki zitakatwa Kakuma, aliandika jina lake kwa ule mwandiko wa misheni, taratibu, watu wakitazama. Ndivyo ilivyokuwa kwa mzigo wa kwanza, na ndivyo ilivyokuwa kwa wa pili.

Mzigo wa tatu ulikuja baada ya miezi sita. Akiru alikuwa amekaa kivulini mwa stoo, jarife limelala mapajani, anatafuta tundu kwa vidole huku anamsikiliza Akidor akimsengenya mkwe wake. Mkono ukasimama.

Kulikuwa na mkia mfupi wa uzi, umelalia kushoto. Akahesabu mizunguko. Mitatu. Akapapasa mbele, akakuta mwingine. Alipofika fundo la kumi na moja akaacha kuhesabu.

"Umechomwa?" Akidor akauliza.

"Endelea na mkwe wako."

Karibu na fundo mojawapo palikuwa na ukanda wa ngozi iliyokauka, ya kijivu, laini kama mpira wa ndani wa gurudumu. Akaugeuza. Haukuwa na gamba hata moja. Chini yake, katika uzi uliosokotana, jino dogo lenye ncha lilikuwa limenasa. Akalichomoa, akalifunga kwenye pindo la shuka, na siku hiyo hakuziba tena kitu.

Akamshuku Nelly. Angemshuku nani mwingine? Ni yeye anayetoka pwani, yeye anayesema ananasa nyavu, kumbe anaziuza upya na kuzikamata upya apate za kuonyesha wenye pesa. Lakini Akiru hakupenda kusema neno ambalo hajalishika. Masista wa misheni walikuwa wanakwenda Kakuma siku ya pili yake, akaomba nafasi katika gari lao.

Achan alikuwa Muacholi wa Sudan Kusini, miaka zaidi ya ishirini kambini, na walijuana tangu Akiru alipokuwa akimletea samaki wa kukausha. Walikumbatiana, wakaulizana habari za wajukuu. Akiru macho yake yalikuwa bustanini. Sukuma ilikuwa imestawi. Ua wake ulikuwa wa matawi ya mathenge na vipande vya mabati, na madebe ya mafuta yaliyopasuliwa yakanyooshwa.

"Wavu mnaweka wapi?" akauliza.

Achan akapangusa viganja kimoja kwa kingine. "Mafi," akasema kwa Kiarabu cha Juba. "Hakuna hata moja. Ekeno alikuja na karatasi, akasema wekeni kidole, nyavu iko njiani. Tumeweka kidole mara mbili. Mama, barabara ya Lodwar imekuwa refu hivyo?"

"Na Nelly? Alikuja kuangalia?"

"Alikuja mara moja. Aliuliza nyavu iko wapi. Ekeno alijibu mbele yetu, akasema tumepeleka kwa shamba ingine kule Kalobeyei. Yule dada akasema ataenda, lakini mvua ilinyesha, mto wa laga ukajaa, wakarudi."

Akiru akamuaga, akaenda kulitafuta gari la masista.

Aliporudi Lodwar hakuhitaji kuuliza zaidi. Akidor alimpokea na maneno yake yamejaa mdomo. "Dada yangu anayeuza chai Kalemng'orok ananiuliza eti Kakuma imehamia kusini, njia ya Kitale. Lori letu limepita kwake mara mbili, na magunia yale yale."

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe ndiye wa kwanza. Nilitaka nikuone uso."

Nelly alikuwa anakuja Ijumaa na fomu ya tatu. Ilikuwa Jumatano. Akiru alikuwa na siku mbili za kuamua kama ataandika jina lake au hataandika.

Alimkuta Ekeno stoo, anatafuna mswaki.

"Ekeno, Kakuma iko upande gani wa Lodwar?"

Kijana mwenye akili hahitaji swali la pili. Alitoa mswaki mdomoni. "Ata, keti."

"Sijachoka."

"Sikuiba mbuzi wa mtu. Hizi ni takataka zao, wangezichoma. Huko chini pwani kuna watu wanazitaka zikiwa zimezibwa vizuri, na hakuna anayeziba kama wewe. Wenyewe wananiuliza, huyo fundi ni nani." Alisema hivyo kwa sifa, na sifa ile ikamwingia Akiru kama mwiba wa mathenge, ule unaoingia kimya na kuvimba kesho yake. "Ukisema, shirika litafunga kazi. Hawa mama warudi kuchoma makaa. Mimi niende jela, mtoto wa chapa ya baba yako. Yote kwa ajili ya samaki ambaye hujawahi kumwona."

"Si samaki," Akiru akasema.

Akajisikia amesema. Aliyekuwa anabisha kuhusu chuchu sasa alikuwa amesimama upande wa Nelly, bila mtu kumvuta.

"Nimeona ngozi yake. Haina magamba."

"Ata, weka jina tu. Kama zile mara mbili."

Akaondoka akipita kando ya mto Turkwel, ambako maji yalikuwa yamebaki michirizi. Zile mara mbili. Miaka yote hii amekuwa akimtafuta moyoni mtu aliyeuchukua wavu wa baba yake, akimpa sura ya huyu na ya yule. Na sasa, kama angetokea mtu wa bahari akauliza nani ameuponya wavu ulionasa wanyama wake, jibu lilikuwa limefungwa fundo, mizunguko mitatu, mkia kushoto.

Akakumbuka mwaka wa njaa. Mifugo ilipokwisha, baba yake alibaki na ngamia mmoja mwenye ndama. Watu wakamwambia achinje, watoto wale. Akakataa, akasema anayemuua mwenye maziwa ameua wawili. Wakaishi kwa maziwa yale mpaka Longech.

Ijumaa wanawake walikaa kivulini kama kawaida, na Ekeno ameegemea mlango wa lori, mikono kifuani. Nelly akatoa fomu na kalamu. Akiru hakuipokea. Alilivuta jarife akalitandaza miguuni pa Nelly.

"Nelly, nilikudhani mwizi."

"Mimi?"

"Wewe. Hicho Kiturkana chako kilinitia wasiwasi."

Wanawake wakacheka, na Nelly akacheka nao kidogo, hajui kwa nini.

"Sasa andika," Akiru akasema. "Wa kwanza niandike mimi." Akamshika mkono, akamwekea kidole juu ya fundo. "Zungusha. Moja, mbili, tatu. Na mkia huu. Hakuna mtu mwingine duniani anayefunga hivi. Wavu huu niliuziba hapa mwaka jana. Ukaenda ukaingia baharini. Sasa umerudi. Na nilikuandikia kwamba nimeukata."

Nelly akatazama fundo, akamtazama Ekeno. Akiru alikuwa anafungua pindo la shuka. Akaliweka lile jino kiganjani mwa Nelly.

Nelly akaligeuza kwa kidole. "Hili jarife nalijua," akasema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa kwenye boti siku tulipolikamata. Pomboo walikuwa wawili, mama na mtoto. Tulipomvuta yule mama juu, maziwa yalikuwa yanamtoka."

"Basi yalikuwepo," Akiru akasema.

"Mzee huyu amechanganyikiwa," Ekeno akasema kutoka mlangoni mwa lori. "Macho yake siku hizi—"

"Ndiyo, dereva," Akidor akamkata. "Amechanganywa na ile Kakuma yako ya njia ya Kitale. Tuonyeshe na sisi. Achan amengoja nyavu mpaka sukuma imezaa."

Nelly akanyoosha mkono, akaomba ufunguo wa stoo. Ekeno alimtazama Akiru, si Nelly. Kisha akautupa ufunguo mchangani na kwenda zake kwa miguu, akiacha lori limesimama.

"Mama," Nelly akasema, "nikiandika hivi, wanaweza kusimamisha kila kitu. Hata kazi yenu. Na wewe watakuhoji."

Akiru akawageukia wanawake. Walikuwa kumi na wanane, na Akiru alimjua kila mmoja, aliyekuwa na watoto shuleni na aliyekuwa na mume asiyeinuka kitandani. Hakuwaomba kitu. Alichukua kalamu akaandika nyuma ya ile fomu kwamba fundo ni lake, kwamba alitia jina mara mbili bila kuona kwa macho yake, na kwamba aliyemwambia asikate ni Ekeno. Aliandika kila neno taratibu, na herufi zilikuwa nzuri kama zamani.

Akidor ndiye aliyevuta kisu chake kiunoni. "Tunakata au tunakaa?"

Wakakata. Walianza na lile lenye mafundo. Akiru akalikata mwenyewe, kwanza kamba ya juu yenye maboya, kisha ya chini yenye risasi, kisha akalipasua katikati, na kila alipofika kwenye fundo lake alilitoa peke yake na kumpa Nelly alitie kwenye bahasha. Kufika alasiri stoo nzima ilikuwa vipande vya pima nne nne ambavyo havingenasa hata samaki ngege mmoja.

Shirika lilisimamisha kazi kweli. Polisi walimhoji Akiru mara mbili. Ekeno alikamatwa Kitale, na kesi yake mpaka sasa inaitwa na kuahirishwa. Wazee wa ukoo walikuja nyumbani kwa Akiru wamevaa kofia zao za manyoya, wakamuuliza anamfichuaje mtoto wa chapa yake mbele ya watu.

"Chapa iliwekwa ili mali iliyoibwa ijulikane," akawajibu. "Nani aliwaambia ni pa kujifichia mwizi?" Hawakunywa chai yake.

Miezi mitano wanawake wengine walirudi kwenye makaa, na wawili waliacha kumsalimia. Akiru hakuwalaumu. Alifuma vikapu vya mkoma, akaviuza taratibu, na akaendelea kuuliza maji yamechotwa wapi.

Kisha shirika likafungua kazi tena, na siku moja asubuhi lori likaingia Napetet, dereva mwingine, kijana wa Lokichar aitwaye Erupe. Nelly alikuwa ameandika sharti jipya kwenye fomu, kwamba nyavu zikatwe siku zinapofika, lakini Akiru hakungoja kusomewa. Alipanda juu ya magunia kwa magoti yake yale yale yanayouma, kisu mkononi, akaanza kukata kamba za maboya humo humo ndani ya lori, kabla wavu haujagusa ardhi ya Lodwar. Akidor akapanda upande wa pili. Erupe alisimama chini, jua linamchoma, anataka kushusha mzigo aende zake.

"Mama, kwani hamniamini?" akauliza.

"Bado," Akiru akasema. "Hebu nisogezee lile gunia la nyuma."